Mtu wa IT wa kuajiri au kampuni ya nje? Biashara ya jumla, kompyuta 38, vituo vitatu

#1 MzigoSalama

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya wanaojua mambo ya IT kwenye biashara.

Biashara ni ya jumla, vifaa vya ujenzi. Ofisi iko Kariakoo, ghala Vingunguti, tawi Mwanza. Kompyuta ni 38, printa 9 (mbili ni zile za utepe za kutolea hati za mzigo), seva moja iliyobeba Tally (programu ya hesabu), mashine za EFD (za risiti za kodi), na kamera ghalani. Kariakoo kuna faiba. Vingunguti na Mwanza wanatumia rauta za laini ya simu. Kwa sasa kuna kijana anaitwa kitu kikiharibika na analipwa kila mwezi kwa risiti ya mkono.

Mezani kuna mawili. Kuajiri mtu kwa 1,200,000 kwa mwezi kabla ya makato, au kampuni iliyoleta bei ya 35,000 kwa kila kompyuta kwa mwezi, bila VAT. Kipi kina tija, na ni nini huwa kinasahaulika kwenye hesabu za aina hii?

#2 KeboNyeusi

Mkuu, kabla ya bei jua kwanza unanunua kazi gani. Fungua jedwali moja la Excel, kwa wiki nne kila tatizo liandikwe: saa, kituo, kifaa, nani kakwama, limechukua muda gani. Safu ya mwisho iwe hii: je, lilihitaji mkono wa mtu pale pale, au lingemalizwa kwa mbali? Hiyo safu ndiyo itakayokuamulia. Karatasi kukwama, kebo kuchomoka na UPS (batri ya akiba ya umeme) kulia zikitawala, unahitaji mtu wa karibu. Nywila zilizosahaulika, baruapepe zisizotoka na Tally kugoma zikitawala, kampuni ya mbali inatosha.

Na waandike vizuri. "Printa mbovu" haimsaidii mtu. Andika hivi: "Vingunguti, printa ya hati za mzigo, mstari mweupe unapita katikati ya kila herufi, utepe ni mpya, magari manne yanasubiri." Hapo fundi anajua kabla hajatoka kwake kwamba pini ya kichwa cha printa imekufa, kwa hiyo aje na kichwa kingine au printa ya akiba. Tatizo lilelile likiandikwa kwa maneno mawili, linamgharimu safari mbili.

#3 HesabuZaMwezi

Nazungumzia Tanzania Bara. Mshahara wa 1,200,000 sio gharama yako yote. Ongeza NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) ya mwajiri 10% = 120,000. SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) 3.5% = 42,000 (inakuhusu ukiwa na wafanyakazi 10 au zaidi). WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) 0.5% = 6,000. Jumla 1,368,000 kwa mwezi, yaani 16,416,000 kwa mwaka. PAYE (kodi ya mshahara) ni yake, ila wewe ndiye unayeikata na kuipeleka.

Kuna na kiinua mgongo: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, pale sheria inapompa haki hiyo. Kama zote 1,200,000 ni mshahara wa msingi, gawanya kwa 26 zidisha kwa 7, ni kama 323,000 kwa mwaka. Ziweke pembeni tangu mwanzo. Halafu vitendea kazi: laptopu yake, kipima kebo, bando, nauli ya Vingunguti.

Upande wa kampuni: 35,000 × 38 = 1,330,000. VAT 18% ni 239,400, ankara inasoma 1,569,400. Wewe unazuia 5% ya kodi ya zuio kwenye ile 1,330,000, yaani 66,500, unaipeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha na kumpa cheti chake. Kampuni inapokea 1,502,900. Kama mmesajiliwa VAT na kampuni inatoa risiti ya EFD, ile 239,400 unaidai, kwa hiyo gharama halisi ya mwaka ni 15,960,000. Kama hamjasajiliwa, kwa VAT hiyo ya 18% ni 18,832,800.

Ukitazama kwa makini, 16,416,000 na 15,960,000 hazijapishana kiasi cha kuamua jambo. Msitumie bei kama kigezo cha kwanza.

#4 SwichiMbili

Nakubaliana na @HesabuZaMwezi, nami naongeza hesabu ya saa. Mwaka una saa 8,760. Mwajiriwa wa saa 45 kwa wiki anakupa 2,340, ukitoa likizo ya siku 28 zinabaki 2,160, bado sikukuu na kuugua. Ni robo ya mwaka. Tally ikigoma Jumapili wakati mnafunga hesabu za mwezi, mwajiriwa mmoja hawajibiki kuwa macho, na mkimwita siku ya mapumziko sheria inataka alipwe mara mbili.

Pili ni ujuzi. Kazi uliyoorodhesha ina seva ya Windows, rauta, baruapepe na rekodi zake za domeni (jina la ofisi mtandaoni), kamera, Tally na printa za utepe. Mtu mmoja anayeyajua yote kwa kina hapatikani kwa mshahara huo. Atajua mawili vizuri, mengine atayajaribia kwenye seva yako yenye hesabu za kampuni. Kampuni ina watu kadhaa, huyu wa mitandao, yule wa seva. Mimi ningechukua kampuni moja kwa moja.

#5 FundiGhalani

@SwichiMbili saa 8,760 za kampuni ni za kwenye karatasi. Soma mkataba uone "saa za kazi" ni zipi. Mingi inasema Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na nje ya hapo bei ni nyingine.

Halafu hakuna aliyeuliza ghala linauza nini. Vumbi la saruji linaingia kwenye feni ya kompyuta, likikutana na unyevu wa Dar linaganda kwenye mapezi ya kupoozea kichakato. Dalili ni kompyuta kuzima yenyewe mchana saa za joto, na jioni inawaka vizuri tu. Aliye mbali atasema "ni Windows", ataipakia upya, kesho inazima tena. Dawa ni kuifungua kila mwezi, kupuliza, kubadilisha ile pasta ya joto ikikauka, na kuinua kompyuta sentimita 50 kutoka sakafuni. Hiyo ni kazi ya mkono.

Kebo vilevile. Kebo ya Cat6 mwisho wake ni mita 100 kutoka swichi hadi kifaa. Kwenye maghala mtu anavuta mita 130 hadi kibanda cha mlinzi, taa inawaka, wote wanafurahi, kisha kamera inakatika kila baada ya muda na hakuna anayejua kwa nini. Weka swichi katikati ndani ya boksi lisiloingia vumbi au vuta faiba. Asiyefika ghalani hawezi kuliona hilo kwenye kioo chake.

Kampuni inayolipwa kwa idadi ya kompyuta inapata faida kubwa zaidi kadiri inavyokuja mara chache. Siisemi vibaya, ndivyo bei ilivyopangwa. Kwa hiyo idadi ya ziara iandikwe: Vingunguti mara mbili kwa mwezi, Kariakoo mara moja, Mwanza mara moja kwa miezi mitatu, na nauli ya Mwanza ni ya nani.

Kazi ya mbali pia inaning'inia kwenye intaneti. Mei 12, 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, intaneti ya Tanzania ikadorora. Ukiwa na laini mbili za kampuni tofauti bado unaweza kuwa juu ya kebo ileile ya baharini. Siku kama hiyo msaada wa mbali unakuwa simu tu.

#6 MzigoSalama

Shukrani wakuu, nimeanza kupata mwanga. Niongeze hali ilivyo: bakapu (nakala ya akiba) ya Tally inaingia kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva muda wote. Nywila za rauta na baruapepe anazo huyo kijana. UPS ya seva ipo, VA 1500, sijui batri yake ina umri gani.

#7 UfunguoMkuu

Mkuu, post yako ya #6 ina uzito kuliko swali lako la #1. Uajiri au ukodi, biashara ambayo haina funguo zake yenyewe iko mikononi mwa mtu. Anza hapa kabla hujasaini chochote na yeyote.

Domeni yenu ya .co.tz imesajiliwa kwa jina la nani? Iwe jina la kampuni kama lilivyo BRELA (wakala wa usajili wa kampuni), na baruapepe ya mawasiliano isiwe ya fundi, wala isiwe chini ya domeni ileile (domeni ikiisha muda, barua ya kukumbusha kulipia haitafika). Akaunti kuu ya baruapepe za ofisi: ziwe mbili, moja ya mkurugenzi, nyingine inafungiwa kwenye sefu. Rauta zote tatu. Akaunti kuu ya seva. Leseni ya Tally na baruapepe iliyosajiliwa nayo. Mashine ya kurekodi kamera. Akaunti ya mtoa intaneti. Kurasa za mitandao ya kijamii kama mnazo.

Usikubali jibu la "nywila zote tunazo". Kaa kwenye kiti, ingia mwenyewe, fundi akiwa chumba kingine. Hapo ndipo utagundua kitu kinachowanasa wengi: nywila unayo, unaiandika, mfumo unakubali, kisha unasema namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu inayoishia na tarakimu mbili, na tarakimu hizo ni za simu ya fundi. Nywila bila simu hiyo haina kazi. Hamisha uthibitisho kwenye simu ya ofisi, na zile namba za akiba za kurejesha akaunti zichapwe kwenye karatasi ziingie sefu.

Kila anayefanya kazi, wa ndani au wa nje, apewe akaunti yake yenye jina lake. Akaunti moja inayotumiwa na watu wanne haikuambii nani alifuta nini.

#8 Nahodha_Mombasa

Salamu kutoka Kenya. Naunga mkono hoja ya funguo, kisha niongeze upande ambao wenye kampuni hawapendi kuutaja.

Kampuni ya IT huweka programu yake ndogo kwenye kila kompyuta ya kila mteja ili iweze kuingia kwa mbali. Mlango huo ukivunjwa, wateja wote wamevunjiwa. Julai 2, 2021 kundi la wahalifu wa mtandao la REvil lilipitia programu ya Kaseya VSA, ambayo kampuni nyingi za IT huitumia kusimamia wateja. Kampuni za IT zilizoathirika moja kwa moja zilikuwa kama 60, lakini biashara zilizofungiwa mafaili zilifika hadi 1,500. Maduka ya Coop kule Sweden, kama 800, yalifunga kwa sababu mashine zao za malipo ziligoma. Coop haikuwa mteja wa Kaseya. Mtoa huduma wake ndiye aliyekuwa anaitumia.

Kwa hiyo ulizeni: mnatumia programu gani kuingia kwetu? Mafundi wenu wanaingia kwa uthibitisho wa hatua mbili, au nywila peke yake? Fundi akiacha kazi kwenu, akaunti yake inafungwa siku ileile? Bakapu zetu zinaweza kufutwa na mtu mwenye akaunti hiyo hiyo mnayotumia kutuhudumia? Likijibiwa "ndiyo" hilo la mwisho, hamna bakapu.

Kuhusu sheria, kwetu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayechakata data kwa niaba yako akujulishe ndani ya saa 48 kukitokea uvujaji, nawe umjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Nyinyi mna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Kampuni ya nje inayogusa mishahara na orodha ya wateja wenu ni mchakataji. Waombeni cheti chao cha usajili wa Tume, nanyi muwe na chenu cha ukusanyaji wa taarifa. Muda wa kujulishana uandikwe kwenye mkataba kwa saa, isiwe "haraka iwezekanavyo".

#9 KifunguChaPili

Nikamate hapo kwenye mkataba. Jambo linalowapotosha wateja wengi ni kuchanganya muda wa kujibu na muda wa kutengeneza. Kampuni inaandika "tunajibu ndani ya dakika 30", inapokea simu, inasema "tumepokea", tayari imetimiza mkataba. Seva bado imelala.

Andikeni ngazi tatu. Ya kwanza, kituo kizima kimesimama au Tally haifunguki kwa wote: simu ipokelewe ndani ya dakika 15, kazi ianze kwa mbali ndani ya dakika 30, mtu afike kimwili Kariakoo au Vingunguti ndani ya saa 3 (foleni ya Dar ihesabiwe humo humo), na huduma irudi hata kwa njia ya muda ndani ya saa 8. Ya pili, mtu mmoja amekwama kabisa: saa 4. Ya tatu, maombi ya kawaida: siku ya kazi inayofuata. Kila ngazi ya kwanza ikikosewa, 5% ya malipo ya mwezi inakatwa, mwisho 20%. Bila makato, ngazi zote hizo ni mapambo.

Wakikuambia "tunahakikisha 99%", piga hesabu. Katika mwezi wa siku 30, 99% inaruhusu saa 7 na dakika 12 za kulala. 99.5% ni saa 3 na dakika 36. 99.9% ni dakika 43. Kisha uliza: asilimia ya nini? Ya seva, au ya intaneti ambayo si yao?

Viangalieni pia vitu ambavyo "matengenezo" hayavijumuishi: vipuri, kuhama ofisi, kompyuta mpya, kazi ya usiku. Bei iwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Kifungu cha kuachana andikeni siku ya kwanza, wakati bado mnapendana: taarifa ya siku 60, makabidhiano ndani ya siku 14 yenye ramani ya mtandao, orodha ya anwani za vifaa, nywila zote, bakapu ambazo mtu mwingine anaweza kuzifungua, na kuondolewa kwa programu zao za kuingia kwa mbali. Ankara ya mwisho ilipwe baada ya makabidhiano kusainiwa.

#10 HesabuZaMwezi

Narudi kwa jambo moja nililoliona #1. Huyo kijana wa risiti ya mkono. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamdhania mtu kuwa mwajiriwa likiwepo hata jambo moja kati ya yaliyoorodheshwa: anafanya kazi kwa maelekezo yako, saa zake unazipanga wewe, wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anategemea kipato chako, unampa vitendea kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Kumwita "kibarua" au "mkandarasi" hakubadilishi kitu. Akienda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) anaweza kudai kama mwajiriwa, na NSSF yake itaulizwa. Muamue: ama aajiriwe rasmi, ama awe na biashara yake yenye TIN, ankara, na wateja wengine.

#11 FundiGhalani

Na mimi nirudi kwenye bakapu, maana hiyo diski iliyochomekwa muda wote inanitia wasiwasi. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia kwenye seva kinaiona hiyo diski kama folda nyingine, kinaifunga nayo. Radi ikipiga, seva na diski vinakwenda pamoja. Mwizi akiingia, anabeba vyote.

Nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja iwe nje ya jengo. Kwenu: data ya Tally kwenye seva, kila usiku inakiliwa kwenye kifaa kidogo cha hifadhi kilicho chumba kingine, chenye nywila yake ambayo seva haiijui, na diski mbili za nje zinazopokezana, moja ofisini moja nyumbani kwa mkurugenzi au benki, zinabadilishana kila Ijumaa. Intaneti ikiruhusu, nakala ya nne iende kwenye wingu. Mafaili ya OneDrive peke yake msiyaite bakapu: likifutwa huku linafutwa na kule, na kwenye akaunti za kazi pipa linalihifadhi siku 93 tu.

RAID (diski kadhaa za seva zinazofanya kazi pamoja) nayo sio bakapu. Inakuokoa diski moja ikifa. Mtu akifuta vocha za mwezi kwa bahati mbaya, RAID inazifuta kwenye diski zote kwa uaminifu.

Kila miezi mitatu jaribuni kurejesha. Chukueni kompyuta isiyo seva, rejesheni data ya Tally kutoka diski ya nje, fungueni, mhasibu alinganishe salio la benki na la wadaiwa la tarehe ileile. Pimeni muda kwa saa. Mkitumia saa 5, basi mjue seva ikifa mko gizani saa 5, na namba hiyo ndiyo ya kuingia kwenye mkataba wa @KifunguChaPili.

UPS: batri zake hubadilishwa kila miaka 2 au 3, joto la Dar linazimaliza mapema. Tazama nyuma yake kama kebo ya USB kwenda kwenye seva imechomekwa. Mara nyingi imo ndani ya boksi bado. Bila hiyo kebo na programu yake, umeme ukikatika seva haiambiwi ijizime. Inasubiri hadi batri iishe, inakatika katikati ya kuandika, na faili la Tally linaharibika.

#12 MzigoSalama

Naona tunaelekea kwenye mchanganyiko. Sasa kazi zigawanywe vipi ili tusilipe mara mbili kwa kitu kimoja?

#13 KeboNyeusi

Ndiko ninakoelekea na mimi kwa biashara ya ukubwa wenu. Zingekuwa kompyuta 12 jengo moja, ningesema kampuni peke yake. Zingekuwa zaidi ya 100, au mna programu mliyojitengenezea, ningesema ajirini wawili. 38 kwenye vituo vitatu vyenye ghala, mkono mmoja wa ndani na akili ya nje.

Wa ndani: kupokea matatizo yote, kompyuta, printa, kebo, usafi wa vumbi, orodha ya mali yenye namba za vifaa, kubadilisha diski ya Ijumaa, kufundisha wafanyakazi wapya, na kuisimamia kampuni. Kampuni: seva, rauta, baruapepe, masasisho, ulinzi, kukagua bakapu, na kumpokea wa ndani anapokwama au yuko likizo. Mwanza watafute fundi wa kulekule chini ya mkataba wao.

Msikubali tena bei ya 35,000 × 38, maana kazi ya mezani (kompyuta na printa za wafanyakazi) hawaifanyi wao. Ombeni bei ya seva, mtandao na, tuseme, saa 10 za msaada kwa mwezi. Mfano tu wa hesabu: wa ndani kwa mshahara wa 700,000 anakugharimu 798,000 pamoja na NSSF, SDL na WCF; kampuni kwa 600,000 bila VAT; jumla 1,398,000. Ni karibu sawa na mliyopewa mwanzo.

Swali la kuwauliza wote wawili: Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, mpango wenu ni upi? Kompyuta nyingi za mtumba tunazonunua kutoka Dubai na Ulaya ni kizazi cha 4, 6 au 7 cha Intel, na Windows 11 inataka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Bonyeza Windows na R, andika tpm.msc, itakuonyesha toleo. Masasisho ya kulipia kwa biashara yalianza na dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, na bei inazidishwa mara mbili kila mwaka. Kampuni isiyolitaja hili kwenye pendekezo lake haijakagua kompyuta zenu.

Kumpima wa ndani, acheni maswali ya darasani. Mpeni kebo na vichwa: afunge ncha mbili na kuzipima. Mpangilio wa rangi za nyaya ni machungwa-nyeupe, machungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia. Kisha mpeni kompyuta isiyoona printa ya mtandao. Mwisho aandike nusu ukurasa kumweleza mkurugenzi tatizo lilikuwa nini. Anayeshindwa hilo la tatu atawasumbua kila siku, hata awe fundi wa namna gani.

#14 SwichiMbili

Kwa vituo vitatu, mgawanyo huo nimeukubali. Ila yule wa ndani asiwe na uwezo wa kufuta bakapu, na kampuni isiwe na uwezo huo peke yake.

#15 MzigoSalama

Mbarikiwe sana. La mwisho: tunapokeaje funguo kutoka kwa kijana wa sasa bila ofisi kusimama?

#16 UfunguoMkuu

Kwanza zungumzeni naye vizuri na mlipeni anachodai. Makabidhiano ya amani ndiyo yenye nywila sahihi.

Mpangilio ni huu. Bakapu kamili kwanza, ijaribiwe kurejeshwa, iondoke jengoni. Kisha tengenezeni akaunti mpya kuu kwenye seva, rauta na baruapepe, mkaingie nazo kuhakikisha zinafanya kazi. Hamisheni uthibitisho wa simu. Ondoeni programu za kuingia kwa mbali, AnyDesk na TeamViewer, kwenye kila kompyuta, si kwenye seva peke yake. Kwenye rauta fungeni milango iliyo wazi kwa nje, hasa 3389 ya kuingia Windows kwa mbali, na 8291 kama rauta ni MikroTik. Anayehitaji kuingia kutoka nje apite VPN (njia ya siri iliyofungwa kwa wengine).

Akaunti yake ya zamani izuieni tu, msiifute kwa siku 30. Sababu: kazi za usiku, ikiwemo ile ya kunakili Tally, mara nyingi zimewekwa ziendeshwe kwa jina la akaunti hiyo. Hata ukiizuia tu, bakapu inaacha kufanyika kimya kimya, hakuna kengele, ila iliyozuiwa unaweza kuifungua tena. Kwa hiyo kabla ya kuizuia fungueni orodha ya kazi zilizopangwa kwenye seva, tazameni safu ya mtumiaji, mbadilishe zote ziende kwenye akaunti maalumu ya huduma. Asubuhi inayofuata tazameni tarehe na ukubwa wa faili la bakapu.

Siku msichague Ijumaa jioni. PAYE na SDL mwisho wa kulipa ni tarehe 7, VAT tarehe 20. Fanyeni Jumanne kati ya tarehe 9 na 15, saa 12 asubuhi, kabla magari hayajaanza kupakia Vingunguti.